Redio Mbili Zilizosikiana

Kaeni, wapendwa. Na nyie wa nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati mtu. Leo nimekuja na kisa, na kisa chenyewe nimekitunga mwenyewe jana nikichambua maharage, kwa hiyo msianze kunong'onezana ni nani na ilikuwa mwaka gani. Atakayejiona humo ndani ajue si mimi niliyemweka.

Kulikuwa na mwongoza njia mmoja, mtu wa mlimani. Sisemi kilima hiki tunachokiona dirishani. Nasema mlima hasa, ule ambao ukiacha maji ya kunawa kwenye beseni asubuhi unayakuta yameganda. Alikuwa ameupanda miaka tisa akibeba mizigo ya wengine kichwani, na mwaka wa kumi ndio akapewa kuongoza kwa mara ya kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka kifaa cha kupima hali ya hewa mpaka kwenye kibanda cha bati kilicho karibu na kilele, akifunge, ashuke.

Alipewa watu wawili. Mmoja alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Wa pili alikuwa mpagazi, mtu mzima mwenye watoto wanne, asiyejua kulalamika. Wakapewa na redio mbili za mkononi, zile za kubonyeza na kuongea, moja ya kiongozi na moja ya shemeji. Chini langoni kulikuwa na kituo, na kituoni alikaa mama mmoja mwenye redio kubwa. Kila jioni mama huyo aliwauliza walioko juu swali moja tu: "Mko wangapi, na wazima wangapi?" Ukimjibu, umemaliza, nenda kalale. Usipomjibu, alfajiri hutuma watu wakutafute. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale.

Kabla ya safari kiongozi alizipitia redio kwa fundi. Mpagazi alikuwa amesimama mlangoni na mizigo, akisubiri.

"Sikiliza, kaka," fundi akamwambia. "Humu ndani mna kijiwe, kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho ndicho kinachoshika masafa ya kituo. Kikipata joto la kawaida kinatulia. Kikipigwa na baridi kali kinahama, kidogo kidogo. Redio za siku hizi zina kitu ndani yake kinachoihisi baridi na kukirudisha kijiwe mahali pake. Hizi zenu ni za zamani, hazina. Kwa hiyo hicho kitu itabidi uwe wewe."

"Mimi?"

"Mwili wako. Ivae ndani ya nguo, iguse kifua. Ulale nayo. Na kila asubuhi na jioni mwiteni mama wa kituo kwanza, kabla hamjaitana nyinyi kwa nyinyi."

"Na kikihama nitajuaje?"

"Hutajua," fundi akasema. "Kwenye kioo namba itabaki ile ile."

Mmesikia? Namba itabaki ile ile. Mshikilie hapo, tutarudi.

Basi wakapanda. Sasa niambieni, mtu amebeba mizigo miaka tisa, leo kapewa redio, ataificha ndani ya sweta? Thubutu. Aliining'iniza begani, kwenye mkanda wa begi, antena ikitazama juu, kila wanayepishana naye njiani aione. Shemeji naye akafuata mtindo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi ningeining'iniza hivyo hivyo, tena ningeipangusa vumbi.

Jioni ya tatu wakafika kwenye kibanda cha bati, saa kumi na moja, upepo unakata masikio. Kifaa kingefungwa kesho yake asubuhi. Na hapo mpagazi akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kiongozi alikisikia na akakijua, kwa sababu miaka tisa si michache: ni kile kinachotoka chini kabisa, chenye majimaji. Alijua pia kwamba saa kumi na mbili mama wa kituo atauliza wazima wangapi. Akimwambia kweli, ataambiwa shusheni mgonjwa sasa hivi. Kifaa hakitafungwa. Safari yake ya kwanza, arudi nacho begani kama kuni mbichi? Moyo ulikataa.

"Jikaze, baba," akamwambia mpagazi. "Usikohoe kwa nguvu, unajichosha bure."

"Sawa, mkuu," mpagazi akasema, akavuta blanketi mpaka mdomoni.

Shemeji akauliza, "Hatumwiti mama wa kituo?"

"Betri zipumzike, tutamwita kesho. Hebu toka nje na yako tuzijaribu." Shemeji akatoka. "Wanipata?"

"Nakupata safi kabisa."

"Basi, redio nzima." Akaitundika redio yake kwenye msumari ukutani, kwenye bati lenye barafu, na ya shemeji akaitundika pembeni yake. Wakalala. Lakini yeye usingizi haukumjia upesi, maana mpagazi alikuwa akikohoa ndani ya blanketi kwa kuiba, ili kiongozi wake asisikie.

Alfajiri mpagazi hakuweza kuinuka. Midomo ilikuwa ya kijivu, na kifua kinachemka kama sufuria ya uji. Ukimwekea mkono kwenye paji la uso, linaunguza. Kiongozi aliogopa. Kifaa akakisahau hapo hapo. Aliiangua redio msumarini na sasa ndipo akamtaka mama wa kituo.

"Kituo, kituo, huku juu kwenye kibanda. Wanipata?"

Mikwaruzo. Akarudia, mikwaruzo, kisha kimya. Akatoka nje, akapanda juu ya jiwe, akaita. Akabadilisha betri, akaita. Akakitazama kioo: namba ni ile ile, haijapungua wala kuongezeka. Akamwambia shemeji azunguke nyuma ya kibanda na redio yake.

"Shemeji, wanipata?"

"Nakupata safi," shemeji akajibu, sauti imenyooka kana kwamba wamekaa mkeka mmoja.

Kiongozi akashusha redio. "Basi ubovu uko chini," akasema. "Redio mbili zinasikiana vizuri, moja haisikiki. Mbovu ni ipi? Yule mama amelala."

Ndugu zangu, msimcheke. Hesabu yake ilikuwa na akili. Mbili dhidi ya moja. Mahakamani angeshinda. Kilichompita ni kwamba redio zile mbili zilitundikwa ukuta mmoja, zikapigwa baridi moja, vijiwe vyake vikahama pamoja, hatua kwa hatua, mpaka upande uleule. Ndiyo maana zilisikiana. Zilikuwa zimepotea sawasawa.

Wakaamua kushuka. Shemeji akambeba mpagazi mgongoni, akamfunga kwa blanketi kama mama anavyofunga mtoto. Mkono mmoja ulishika fimbo, mwingine ulimshikilia mgonjwa, na redio inamgonga mbavu kila hatua. Akaichomoa, akaisokomeza ndani ya blanketi, katikati ya mgongo wake na kifua cha mgonjwa. Hakuwa na hekima yoyote kichwani, ilikuwa inamsumbua tu. Kiongozi akatangulia na yake begani, kwenye upepo.

Saa mbili asubuhi wakafika njia panda. Kulia ni njia ya mgongo wa mlima, ndefu, saa tano mpaka kibanda cha chini. Kushoto ni korongo, saa mbili tu. Ukungu ulikuwa mzito, unaona miguu yako na jiwe la mbele basi. Kiongozi alisikiliza ile pumzi inayochemka na akajua mtu huyu hana saa tano.

"Nisubirini hapa," akasema. "Natangulia korongoni nikaangalie. Nikiwaita kwa redio, shukeni."

Akashuka. Mawe yalikuwa yamelowa, ardhi inabonyea, na mara kwa mara jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu likachomoka chini ya kiatu chake na kwenda zake. Hata hivyo palipitika. Baada ya robo saa akabonyeza redio. "Shemeji, shukeni polepole. Panapitika."

Mikwaruzo.

"Shemeji, wanipata?"

Hakuna kitu. Alfajiri walisikiana kama watu wa mkeka mmoja, sasa hakuna kitu. Mawazo yakamjia mabaya. Labda shemeji ameteleza. Labda mzee amekata roho na shemeji hataki kusema. Atakwenda kusimama uani kwa mke wa yule mtu aseme nini, kwamba nilikisikia kile kikohozi jana saa kumi na moja? Akageuka, akaanza kupanda kwa mikono na magoti, kifua kinamuuma, anaita kwa mdomo na ukungu unaimeza sauti.

Akawakuta njia panda, wazima, wamesimama. Shemeji alikuwa na redio mkononi, ameinyanyua juu kwenye upepo. Na uso wake hakuuelekeza korongoni. Aliuelekeza kwenye njia ya mgongo.

"Mbona hujibu?" kiongozi akauliza, pumzi hana.

"Nimekuita tangu ulipoondoka, shemeji. Hukujibu wewe. Mama wa kituo yuko hewani. Nimemsikia ndani ya blanketi. Anasema tusishuke korongo. Kule chini kulinyesha usiku kucha, mawe ya juu yamelegea. Anasema kuna watu wanne wanapanda kutoka kibanda cha chini kwa njia ya mgongo, wana mtungi wa hewa, wametoka alfajiri kwa kuwa jana jioni hatukumwita."

"Hebu nimsikie."

Shemeji akabonyeza, akaita kituo. Mikwaruzo. Robo saa ile alikuwa ameishika nje kwenye baridi akimtafuta kiongozi wake. Akaita tena, mikwaruzo. Kiongozi akabonyeza ya kwake: "Wanipata?" Na kutoka mkononi mwa shemeji sauti ikatoka safi kabisa.

"Unaona?" kiongozi akasema. "Uliiweka kwenye jasho, ikaharibika. Ilipopata hewa, imepona. Tunasikiana tena."

"Nilimsikia, shemeji."

"Huku juu hewa ni nyembamba. Watu husikia hata bibi zao waliokufa. Namba yangu ni ile ile. Twende."

"Na yangu ni ile ile. Siendi."

"Mimi ndiye niliyekabidhiwa msafara huu."

"Najua. Dada yangu ni mkeo na ninakuheshimu. Korongoni sishuki."

Wakatazamana. Kila neno walilosema lilikula pumzi ya mtu wa tatu. Ndipo yule mtu wa tatu akasema, mgongoni, kwa sauti ya kuokoteza.

"Mkuu. Nami nilimsikia. Ilikuwa kifuani pangu."

"Una homa, baba."

"Ninayo. Ndilo joto lenyewe." Akakohoa, wakamsubiri. "Zirudisheni humu. Zote mbili. Fundi alisema."

"Hatuna muda wa kusimama, baba. Wewe ndiye huna muda."

"Mkuu," mpagazi akasema, "jana nilinyamaza kwa ajili yako. Leo nyamaza wewe, kidogo tu."

Kiongozi akaifungua redio yake kwenye mkanda wa begi, na vidole vikachelewa, maana kuivua pale begani mbele ya watu wawili kulimuuma kuliko baridi. Akaingiza mkono ndani ya blanketi, akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa, na ya shemeji pembeni yake. Mkono akauacha humo humo. Kile kifua alichokikimbia jana sasa kilichemka chini ya kiganja chake, akakihisi kinavyopigania kila pumzi. Akasimama hivyo. Alitamani kusema neno, kutoa amri, kufanya chochote. Akakaa kimya. Upepo ukavuma. Juu korongoni jiwe moja likaanguka, mbali, kisha lingine.

Akazihesabu pumzi za mgonjwa. Alipofika mia mbili na kitu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Halafu ndani ya blanketi, kutoka redio mbili kwa pamoja, ikatoka sauti ya mwanamke iliyokauka kwa kuita:

"...kituo kinawaita mlioko juu. Nasikia mikwaruzo yenu tangu saa kumi na mbili asubuhi, najua mko hai. Zipasheni joto redio zenu. Msishuke korongo. Njooni kwa mgongo, watu wako njiani. Narudia. Kituo kinawaita mlioko juu..."

Alikuwa hajalala. Saa zote zile walizomsema amelala, alikuwa akiwaita wao.

Kiongozi akainamisha mdomo mpaka kwenye blanketi, akabonyeza. "Mama, huku juu. Nakupata."

Kisha mama wa kituo akauliza swali lake, lile lile la kila jioni, bila kupandisha sauti. "Mko wangapi, na wazima wangapi?"

"Tuko watatu," kiongozi akasema. Hapo akalia mbele ya shemeji yake bila kujificha. "Wazima wawili. Mmoja mgonjwa tangu jana jioni, mama. Nilijua."

"Nimekupata," mama akasema. "Njooni kwa mgongo."

Wakaenda kwa mgongo. Hawakufika mbali wakasikia nyuma yao mngurumo ukishuka korongoni, mrefu, na ardhi ikatetema chini ya viatu. Hakuna aliyegeuka. Saa moja na nusu baadaye wakakutana na wale wanne na mtungi. Mnataka kujua kama mzee alipona? Alipona. Kifaa cha hali ya hewa kilibaki kibandani mwezi mzima, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa tuje kwetu. Wewe unayetikisa kichwa ukimfikiria jirani yako, tulia, nakuja kwako.

Sisi hapa tunasikiana sana. Kwaya inasikiana na wazee, wazee wanasikiana na kamati, kamati inasikiana na mimi. Na namba kwenye kioo haijabadilika hata kidogo: ibada saa tatu, nyimbo nne, matangazo, kahawa. Tukitaka kujua kama tuko sawa, tunaulizana wenyewe kwa wenyewe. Wanipata? Nakupata safi. Basi, tunazitundika redio ukutani tunalala. Lakini ni nani kati yetu mwaka huu amekaa kimya akamwita Yule wa kituo kwanza, na akavumilia kuulizwa wazima ni wangapi? Tunasema Mungu amenyamaza siku hizi. Nani alianza kunyamaza? Mbona tulinyamaza jioni ile ile tulipojua kuna mtu anakohoa?

Na angalieni ile redio ilirudi vipi mahali pake. Haikurudi kwa kunyanyuliwa juu ya jiwe. Haikurudi kwa betri mpya. Ilirudi ilipobanwa katikati ya mtu anayebeba na mtu anayebebwa, ndani ya jasho na homa. Na iliporudi, sisi tuliobaki kwenye upepo tuliiona imeharibika.

Mnakumbuka mkutano wetu wa kujenga mnara wa kengele? Mama mmoja alisimama, yule anayemuuguza jirani yake aliyepooza, mwezi wa nne sasa, peke yake. Akatuuliza kengele itamwita nani, kama wagonjwa wa mtaa huu hakuna anayewajua. Tukaguna. Baada ya mkutano tukasema mama yule siku hizi amebadilika, hatusikiani naye. Wa kwanza kusema hivyo nilikuwa mimi mchungaji wenu, na nililisema hapa hapa nilipo nikiwa nimeshika chai. Ni kweli hatukusikiana naye. Sikujiuliza ni nani aliyehama.

Kiti chake ni kile pale, cha tatu kutoka ukutani. Leo ni Jumapili ya tatu kiko kitupu, na hakuna aliyemwita.

Basi leo wimbo wa kufunga hatuimbi. Nyumba yake iko nyuma ya ghala la kahawa, mlango wa kijani, na ninavua joho hili natangulia kwa miguu. Tutabisha hodi, tutakaa na yule mgonjwa, tutampokea mama yule mzigo hata kwa siku moja. Huenda atatuuliza tuko wangapi, na wazima wangapi. Tukiulizwa, tumwambie kweli.